Sauti unayoisikia peke yako: habari za kale za mvumo wa masikio

Leo tuzungumze juu ya sauti ambayo mtu huisikia peke yake. Wengine inawalilia kama nyenje, wengine kama mbu, wengine kama birika linalochemka, na aliye pembeni yake hasikii kitu. Mimi ninayo sikio la kushoto, mwaka wa nne huu. Dukani kwangu nimekutana na kina mama wengi wenye nayo, na karibu wote wanaitaja kwa kunong'ona, maana wanaogopa kuambiwa wamepandwa na shetani au akili zimeanza kuruka. Nikaona nitafute habari zake za nyuma, nijue wenzetu wa zamani walilichukuliaje jambo hili.

Hofu ya shetani ina umri mkubwa. Huko Ninawi, karibu na Mosul ya Iraq ya leo, mfalme Ashurbanipal alikuwa na maktaba ya vibao vya udongo, zaidi ya miaka 2,600 iliyopita. Baadhi ya vibao hivyo ni vya uganga wa masikio. Mtu ambaye masikio yake yanalia aliambiwa ameshikwa na mkono wa mzimu, akasomewa maneno na kutiwa dawa sikioni. Warumi nao walikuwa na lao. Pliny, aliyefariki mwaka 79, ameandika kwamba watu waliamini ukisikia sikio linalia, kuna watu mahali wanakuzungumza. Nilipoisoma hiyo nilicheka, maana bibi zetu wanasema hivyo hivyo: sikio likilia, unasengenywa.

Wayunani wao waliuliza swali ambalo mpaka leo lina faida. Katika kitabu cha maswali kinachonasibishwa na Aristotle na wanafunzi wake wameuliza: kwa nini mvumo wa sikio unakoma mtu akifanya sauti nyingine? Je, ni kwa kuwa sauti kubwa inaifukuza ndogo? Halafu akaja Ibn Sina (980–1037), ambaye katika al-Qanun aliuweka mvumo pamoja na maradhi mengine ya sikio, kama daktari anavyoweka homa na kikohozi. Kwangu mimi hilo ni kubwa. Dua tunaomba, na kisomo kina baraka, lakini mtu aliyeshika dini yake aliona miaka elfu iliyopita kwamba hili ni jambo la mwili, na mwili una tabibu.

Sasa nije kwenye kazi, maana hapa ndipo panaponigusa mimi mwenye vyarahani. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 daktari wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya mafundi wa shaba wa Venice waliokuwa wakigonga nyundo kutwa nzima mpaka masikio yakaharibika, na uzeeni wakawa viziwi. Miaka ya 1800 ikawa zamu ya wanawake. Katika viwanda vya nguo vya Lancashire na vya magunia vya Dundee, mitambo ya kufumia ilipiga kelele kiasi kwamba wafumaji walizungumza kwa kusomana midomo na kwa ishara za mikono. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele ikivikata, havioti tena. Madaktari wengi leo wanaona kwamba ubongo, ukikosa sauti uliyoizoea kutoka huko, huongeza usikivu wake wenyewe, na ule mlio ndio matokeo yake.

Dawa pia zinahusika. Wazee waliokunywa kwinini kwa ajili ya malaria wanaujua vizuri ule mvumo. Aspirini nyingi nayo inaweza kuuleta, na baadhi ya sindano za kuua vijidudu, kama streptomaisini, zinaweza kuliumiza sikio lenyewe.

Beethoven, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, alimwandikia rafiki yake daktari mwaka 1801 kwamba masikio yake yanavuma usiku na mchana, na kwamba kwa karibu miaka miwili amekuwa akikwepa mikusanyiko ya watu, kwa kuona vigumu kuwaambia kuwa hasikii. Nawajua kina dada walioacha kwenda harusini kwa sababu hiyo hiyo.

Miaka 20 baadaye, Paris, daktari Jean Itard alilirudia lile swali la Wayunani kwa vitendo. Katika kitabu chake cha mwaka 1821 alishauri mgonjwa atafutiwe sauti inayofanana na mvumo wake: mwenye ngurumo akae karibu na moto mkubwa unaowaka, mwenye mlio mwembamba awashiwe kuni mbichi zinazopiga filimbi. Alitaja pia sauti ya kinu kinachoendeshwa na maji.

Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wasio na matatizo ya kusikia ndani ya chumba kisichoingiza sauti kabisa. Kwa kila 100, 94 walisikia milio. Kwa hiyo dada yangu unayedhani umerukwa na akili, ukimya ukiwa mkubwa hata mwenye masikio mazima husikia.

Kuna waliokatwa mshipa wa kusikia ili mlio uishe, wengine wakabaki viziwi na mlio upo pale pale. Miaka ya 1970, huko Portland, Marekani, Jack Vernon akaleta vifaa vya kuvaa sikioni vinavyotoa sauti ya kufunika mlio. Alianza kuyafikiria hayo baada ya mgonjwa mmoja, naye ni daktari, kusimama karibu na chemchemi ya mjini na kuona mlio wake umepotea. Tangu miaka ya 1990 wengi wanafundisha sauti iwe chini kidogo kuliko mlio, ubongo uvisikie vyote viwili na uzoee taratibu.

Mlio ukiwa wa sikio moja tu, au unapiga kama mapigo ya moyo, au umekuja na kizunguzungu, nenda kwa daktari wa masikio. Usikivu ukikatika ghafla, nenda siku hiyo hiyo. Mafuta ya moto na vijiti visiingie sikioni. Kwa usiku, feni inatosha. Umeme ukikatika, mimi naweka redio ya betri katikati ya stesheni mbili, inakoroma tu, sauti ndogo, chini ya kitanda.