Shule ya Kwanza ni Nyumbani



Katika miaka 10 ya kikundi chetu tumekopeshana fedha nyingi kwa ajili ya sare, viatu na madaftari. Ni jambo jema. Lakini ukitazama historia ya Mara yetu, utaona kwamba mtoto huanza kusoma kabla hajavaa sare.

Zamani shule zilikuwa chache sana. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934. Alikuwa na miaka 12. Je, miaka yote hiyo alikaa bure? Hasha! Wazee husimulia kwamba alikuwa hodari wa bao, tena akicheza na watu wazima. Na bao ni hesabu tupu: unagawa kete shimo kwa shimo huku unawaza mwenzio atakula wapi. Wasichana nao walikuwa na mdako. Unarusha jiwe juu, unachota mengine mawilimawili, kisha matatumatatu. Usiku, vitendawili.

Mwaka 1968 mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, ilianza mradi wa kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO. Mwaka 1970 Mwalimu akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mama zetu wakajifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Mama akijua herufi jioni, kesho yake anaichora mavumbini kwa kijiti, na mtoto anaiga.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. TANU iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi. Sisi wa miaka 50 na kitu ndio tuliopita mlango huo. Madarasa yalifurika, na baadhi ya walimu walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu. Watu wakatania kuwa UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Wengi wetu tuliokolewa na mtu wa nyumbani aliyetusikiliza tukisoma, hata kama yeye mwenyewe alisoma kwa kubabaisha.

Sera ya elimu ya mwaka 1995 ilitaka kila shule ya msingi iwe na darasa la awali. Tunashukuru. Lakini mwalimu mmoja mwenye watoto wengi hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mtoto asiyesemeshwa nyumbani hukaa nyuma kimya, mpaka anaitwa mzito, kumbe siyo mzito.

Basi kina mama, tusiseme hatuna nafasi. Unapopanga dagaa, mwambie mtoto ahesabu mafungu, aseme lipi kubwa. Mpe vizibo vya soda atenge kwa rangi. Mwandikie jina lake kwa mkaa. Mtegee kitendawili unaposonga ugali. Awe wa Bunda, Butiama au Musoma, msemeshe kwa Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kijaluo au Kiswahili. Lugha unayoimudu ndiyo utakayomweleza vizuri.

Naomba miaka 10 ijayo kila mwanachama atoe robo saa kwa siku kwa mtoto wake. Mkopo huo hauna riba, wala hauhitaji mdhamini. Samaki mkunje angali mbichi.



Mwenyekiti wenu