Ruhusa ya Kuchekwa

Nilipomtembelea mwanangu Marekani, alinipeleka kwenye onyesho la "Weird Al" Yankovic, mpiga akodiani anayegeuza nyimbo za wenzake kuwa vichekesho. Watu walivunjika mbavu. Mwanangu akanieleza kwamba bwana huyu huomba idhini kwanza. Mwaka 1984 aliigeuza "Beat It" ya Michael Jackson kuwa "Eat It", wimbo wa chakula, kwa ridhaa ya mwenyewe. Prince alikataa, naye akaziacha nyimbo zake. Kwetu, Mzaramo na Mnyamwezi hawaombani ruhusa. Utani umekwisha kuwapa.

Nikawakumbuka wanafunzi niliowachapa kwa kuigiza mwendo wangu siku ya mahafali. Michael Jackson, nyota wa dunia, aliridhia kuchekwa. Mimi, mwalimu mkuu tu, nilishika fimbo.