Wakenya na Serikali Yao Mtandaoni

Katikati ya miaka ya 2000, tovuti ya Bunge la Kenya ilifungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umeanikwa hadharani. Ory Okolloh na Conrad Akunga wakaanzisha tovuti ya Mzalendo, iliyochambua kumbukumbu rasmi za mijadala ili mpiga kura aone mbunge wake amesema nini, au amenyamaza. Ilikuwa kazi ya kujitolea, na iliwasaidia Wakenya kumfuatilia kiongozi hata baada ya kura kuhesabiwa.

Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 2008, Okolloh na wenzake walijenga jukwaa la mtandaoni la Ushahidi kwa siku chache tu. Mtu aliyeshuhudia mauaji au uchomaji wa nyumba alituma taarifa, na tukio likawekwa kwenye ramani. Mfumo huo ulitumika pia Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Si kila hatua ilizaliwa na mlango uliofungwa. Huko Lanet Umoja, karibu na Nakuru, chifu Francis Kariuki aliigeuza Twitter kuwa baraza la kila siku. Kondoo akipotea, chifu aliandika. Wezi walipovamia nyumba ya mwalimu usiku, aliandika vilevile. Majirani wakajaa nje na wezi wakatoroka. Wakazi wengi walikuwa na simu za kawaida, hivyo maneno yake yaliwafikia kama ujumbe mfupi. Mifumo mingi ya serikali iliyogharimu fedha nyingi haijawahi kuwa karibu na watu kiasi hicho.

Katiba ya 2010 iliupa uhusiano wa raia na serikali nguvu ya sheria: ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari, na ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Mwaka 2024 vijana waliufafanua Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani katika TikTok na X (zamani Twitter), na kuzijaza simu za wabunge ujumbe wa kuupinga. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada huo, na Julai 5 alijibu maswali ya vijana moja kwa moja kwenye X. Desemba mwaka huohuo, vijana kadhaa waliomkosoa mtandaoni, akiwemo mchora vibonzo, walitekwa nyara. Baadhi yao waliachiliwa Januari 2025.