Kufuli la rekodi: Kinga ya hati iliyokwisha kuidhinishwa

HATI ya malipo iliyoidhinishwa kwa Sh450,000 haipaswi kusomeka Sh4,500,000 inapomfikia mlipaji. Katika zama za makaratasi, aliyethubutu kuongeza sifuri aliacha alama ya wino iliyoonekana kwa macho. Ndani ya kompyuta tarakimu hubadilika bila kovu, na idhini ya mkuu wa idara huendelea kukaa palepale, chini ya kiasi asichopata kukiona.

Ndiyo sababu mifumo ya uhasibu na ununuzi hutengenezwa ili rekodi ijifunge yenyewe pindi hali yake inapobadilika. Hati huanza ikiwa "rasimu", huwa "imewasilishwa", kisha "imeidhinishwa" na hatimaye "imelipwa". Katika hatua ya rasimu mwandaaji yuko huru kuisahihisha. Akishaiwasilisha, uhuru huo hukoma bila kusubiri mtu aifunge.

Kufuli hili lisichanganywe na lile ambalo kanzidata huliweka kwa muda watu wawili wanapogusa rekodi moja kwa pamoja. Hilo huondoka mara muamala unapokamilika. Linalozungumzwa hapa hudumu kwa miaka.

Udhaifu mkubwa ni kuliweka kwenye skrini pekee. Kitufe cha kuhariri hufichwa, watumiaji wakaridhika. Lakini fundi anayeingia moja kwa moja kwenye kanzidata hapitii skrini hiyo. Ni kufunga mlango wa mbele huku wa uani ukiwa wazi.

Katika PostgreSQL, kanzidata inayopatikana bila malipo, ulinzi huo huweza kuwekwa kwa triga, yaani maagizo yanayojiendesha kila mtu anapojaribu kubadili au kufuta rekodi. Kabla badiliko halijaandikwa, triga huwa na sura mbili za rekodi, ya zamani na mpya. Inapaswa kutazama hali iliyomo katika sura ya zamani. Ikikuta "imeidhinishwa", ikatae kila badiliko isipokuwa hatua halali ya kwenda "imelipwa". Anayepima sura mpya peke yake hujikuta amezuia hata tendo lenyewe la kuidhinisha. Baya zaidi, mwenye hila akiirudisha hati kuwa "rasimu" na kubadili kiasi kwa mkupuo mmoja, triga hiyo humwacha apite.

Aidha, mara nyingi kiasi hakikai kwenye hati yenyewe, bali hujumlishwa kutoka jedwali jingine lenye orodha ya bidhaa na bei. Jedwali hilo lisipowekewa triga yake ya kuuliza hali ya hati mama, kufuli la kwanza ni pambo tu. Ikumbukwe pia kwamba amri ya kumwaga jedwali zima haiamshi triga za rekodi mojamoja.

Salesforce, mfumo wa kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1999, una utaratibu wa idhini unaofunga rekodi mara inapowasilishwa. Msimamizi wa mfumo bado anaweza kuihariri, na ikipangwa hivyo, hata mwidhinishaji ambaye zamu yake imefika.

Hapo kwa msimamizi ndipo penye mzizi wa jambo. Mmiliki wa jedwali katika PostgreSQL anaweza kuizima triga, afanye atakalo, kisha aiwashe tena. Kwa hiyo mwenye uwezo huo asiwe mhasibu anayeandaa malipo, na kila ufunguzi uandikwe mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufuta.

Sheria nazo zimeligusa suala hili. Baada ya kuanguka kwa kampuni ya Enron mwaka 2001, Marekani ilitunga Sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, inayotoa adhabu ya hadi kifungo cha miaka 20 kwa anayegeuza rekodi ili kuvuruga uchunguzi wa serikali. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, izingatie jinsi taarifa zilivyotunzwa zisiharibiwe.

Na ikiwa hati iliyofungwa ina kosa la kweli? Wahasibu wana jibu la siku nyingi: ya zamani huachwa kama ilivyo, ikaandikwa nyingine ya kuitangua, kisha sahihi ikafuata, nayo ikapita hatua zote za idhini upya.