Hela ya bibi

Wikiendi nimerudi chuo hapa Dodoma na sarafu ya bibi: 20 Heller, 1916, herufi T. (Neno letu hela ndiko lilikotoka.) Chapa imekaa kombo, nikajua ni kosa adimu, nimeula! Kumbe wapi. Wajerumani walibanwa na vita, meli haziji, wakazigonga harakaharaka Tabora kwenye karakana ya reli. Zilizokaa kombo ni nyingi. Wakusanyaji huangalia taji, kubwa au dogo, na ncha za zile L mbili: zimejikunja au zimechongoka? Nikaenda kukagua. Jamani, nilishaisugua na majivu ing'ae! Ncha hazisomeki, thamani kwisha. Nyie msisugue. Sasa sijui nimwambieje bibi.