Kasuku wa Rafuni: Pakiti za Industrial Area na Jalada la Gemu

Duka la mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, limejengwa kwa tahadhari. Kati ya mteja na bidhaa kuna kaunta, na juu ya kaunta kuna wavu wa chuma wenye kidirisha cha kupitishia pesa. Mteja haishiki pakiti, haigeuzi kusoma nyuma, hainusi. Anaangalia rafu iliyo hatua mbili tatu ndani, mara nyingi kwenye giza la mchana, huku foleni ikimsukuma, kisha anataja anachotaka. Anayetafuta mahali ambapo picha ndogo ililazimika kuuza kitu kisichoguswa hana haja ya kungoja intaneti. Mtu anayetengeneza gemu peke yake au na wenzake wawili, akaiweka kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, anakuta wavu uleule: mamia ya picha zimepangwa safu kwa safu, na kwa miaka mingi ile iliyoitwa ndogo ilikuwa na upana wa pikseli 231 na kimo cha 87. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya swali la jalada la gemu ilikwisha jibiwa kusini mwa reli ya Nairobi, katika viwanda vya Industrial Area. Jibu lenyewe ni gumu kidogo kwa msanii kulikubali: kabla picha haijaeleza kilichomo, inapaswa kumpa mteja kitu cha kuita.

Mpango wa mji wa 1948 uliendeleza mgawanyo ambao tayari ulikuwepo: viwanda kandokando ya reli, na makazi ya wafanyakazi Waafrika upande wa mashariki. Makongeni ilikuwa ya watu wa reli; Kaloleni, na baadaye Maringo na Jericho, zikawapokea waliotoka kila pembe ya nchi. Hivyo kiwanda na mteja wake walikaa umbali wa kutembea kwa miguu, lakini mteja huyo alizungumza lugha kumi na zaidi, na si kila mmoja alikuwa amesoma. East African Industries, iliyoanzia katika miradi ya serikali ya kikoloni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kabla ya Unilever kuingia miaka ya 1950, ilitoa mafuta ya Kimbo na majarini ya Blue Band kutoka Commercial Street. Kampuni ya Unga, iliyoanzishwa na Lord Delamere mwaka 1908, ilisaga katika eneo hilohilo mahindi yaliyouzwa kwa picha ya jogoo. Kwenye Likoni Road, British American Tobacco ilitia sigara za Sportsman katika pakiti yenye farasi. Na kando ya Barabara ya Mombasa, Kapa Oil ikaweka kasuku juu ya mafuta ya kupikia. Zitazame picha hizo kama mgeni asiyejua chochote. Jogoo hasagi mahindi. Akipewa nafasi, atayala. Kasuku hana uhusiano wowote na sufuria. Farasi wa mbio hakuonekana Makongeni hata siku ya sikukuu. Hakuna hata moja inayoeleza bidhaa, na zote zilidumu kuliko wengi waliozinunua mwanzo.

Sababu inaonekana ukifuata njia ya neno badala ya njia ya jicho. Mama anamtuma mtoto dukani. Mtoto hana orodha, ana kauli moja kichwani: leta Jogoo, leta Kasuku. Picha inamsaidia kuthibitisha kwamba alichopewa ndicho alichotumwa, na jina la picha hiyo linatamkika sawasawa kinywani mwa Mluo, Mkamba au Mswahili wa Pumwani. Hapo jicho na ulimi vinafanya kazi moja. Uingereza nayo ilikuwa na mfano wake: alama ya kwanza kusajiliwa huko, mwaka 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass, umbo ambalo hata mlevi angelionyesha kwa kidole. Lakini pembetatu huonyeshwa zaidi ya kuitwa, na hapa ndipo Nairobi ilipokwenda mbele. Mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, ukishaisha, haukutupwa. Ulioshwa ukaenda sokoni kupimia mahindi na maharagwe, ukaitwa gorogoro, na katika masoko mengi ukaitwa kasuku tu, hata kama rangi imebambuka na ndege hayupo tena. Mnunuzi anauliza kasuku moja ya maharagwe ni pesa ngapi, na hakuna anayecheka. Wanasiasa walilielewa jambo hili mapema: chama cha KANU kilichukua jogoo, na baada ya kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo waliopinga katiba walipewa chungwa na waliounga mkono ndizi, chungwa lilizaa jina la chama kizima. Picha ikishaitika, huendelea kufanya kazi hata ikifutika.

Pingamizi la kwanza ni zito, na lisipuuzwe. Kampuni hizo zilikuwa kubwa, zikilindwa na ushuru wa forodha, na bei za bidhaa nyingi za msingi zilipangwa na serikali. Mtu angeweza kusema kwamba Jogoo aliuzwa kwa sababu ndiye aliyekuwepo, na kwamba hata picha ya jiwe ingeuza unga siku ambazo unga ni adimu. Kuna ukweli humo. Lakini fikiria bei iliyopangwa inafanya nini dukani: ikiwa mikebe miwili inauzwa bei moja, bei haiwezi tena kumsaidia mteja kuchagua, na uzito wote unaangukia kumbukumbu na picha. Halafu biashara ya mahindi ikaachiliwa mwishoni mwa 1993, vinu vipya vikafurika, bei zikaanza kupishana wiki hadi wiki. Jogoo hakutoweka. Kimbo yenyewe iliuzwa kwa Bidco ya Thika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wenye mali wapya hawakulibadilisha jina. Wafanyabiashara hao hawana sifa ya kutunza vitu kwa mapenzi. Walijua wamenunua nini. Ushahidi mwingine uko katika biashara ya kadogo. Wasioweza kununua mkebe mzima walipimiwa kijiko cha mafuta ndani ya karatasi ya plastiki isiyo na chapa yoyote, na bado mwenye duka aliuweka mkebe mkubwa mahali pa kuonekana, uso ukiangalia barabara. Pakiti ya mteja haikuwa na jalada. Duka zima likawa jalada lake.

Pingamizi la pili linatoka kwa watengenezaji wa gemu wenyewe. Mafuta hununuliwa kila wiki, gemu hununuliwa mara moja. Kasuku alipata miaka mingi ya kuzoeleka. Gemu ya mtu mmoja inapata siku chache kabla ya kufunikwa na nyingine, hasa tangu 2017 Steam ilipofungua mlango kwa yeyote anayelipa dola 100. Mnunuzi wa gemu anataka kujua upesi kama ni ya kupigana, ya mafumbo au ya kulima shamba, na picha isiyosema hilo imempotezea muda. Nakubali nusu. Jalada la gemu lina deni la ahadi ambalo mkebe wa mafuta haukuwa nalo, kwa kuwa kila mtu alijua mafuta ni ya nini. Ila ahadi inafika tu kwa aliyesimama kutazama. Katika pikseli 231 mashujaa watano wenye panga, joka, ngome na moto huwa doa la kahawia, na herufi za mapambo hazisomeki hata na profesa. Kwa ukubwa huo sote tunarudi kuwa wasiosoma, tukitafuta umbo moja tunaloweza kulipa jina. Mkebe ulilazimishwa kuwa hivyo na gharama, maana katika uchapaji wa bati kila rangi ilihitaji bamba lake, kwa hiyo mchoraji alikata hadi akabaki na ndege mmoja na neno moja. Msanii wa kompyuta ana rangi mamilioni bure, na ndiyo shida yake.

Nairobi imekwisha kuwa na gemu za kutosha kulijaribu wazo hili. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, Black Division Games ikaleta Nairobi X mwaka 2015, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanauvamia mji, na Weza Interactive ikatoa Mzito. Kwa kipimo changu, Mzito ndilo jina lililoufahamu wavu wa duka: neno moja, linalosikika Kayole na Kisumu vilevile, na linaloomba picha ya kitu kikubwa kimoja. Nairobi X inatamkwa vizuri pia, ingawa mji mzima ni mzigo mkubwa kuutia katika kijipicha, na minara ya miji hufanana ikishapunguzwa. Hii ni hukumu juu ya majina. Ubora wa gemu zenyewe ni kesi nyingine.

Sheria nazo zimekuwa zikilisukuma jalada kuelekea hapohapo. Septemba 2022 Steam iliwakataza watengenezaji kubandika kwenye picha hizo alama za wahakiki, tuzo na matangazo ya punguzo, ikabakisha mchoro, jina na kichwa kidogo rasmi. Wengi walilalamika kwamba wamenyang'anywa silaha. Sigara za Likoni Road zilipitia kitu kikali zaidi: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilitwaa sehemu ya uso wa pakiti kwa ajili ya onyo, na kanuni zilizofuata zikaongeza picha za magonjwa. Farasi wa Sportsman akabanwa kwenye eneo lililosalia, na hata hapo mvutaji aliye nje ya wavu aliendelea kumwona, akamtaja, akapewa. Kwa afya ya watu hilo si jambo la kufurahia hata kidogo.