Taa Zinazokataa Kuzimika

Tatizo la taa za gari kukataa kuzimika lilikuwapo kabla taa za stima hazijaenea kwenye magari. Magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 1900 yalimulika njia kwa gesi ya asetilini: maji yalidondokea kabaidi ndani ya kopo, gesi ikapanda, dereva akaiwasha kwa kiberiti. Akitaka kuzima alifunga maji. Lakini kabaidi iliyokwisha kulowa iliendelea kutoa gesi, na mwali ukaendelea kuwaka mpaka unyevu uishe. Mwaka 1904 kule Indianapolis, Marekani, Carl Fisher na James Allison waliingia katika biashara ya kuuza gesi hiyo ndani ya mtungi, chini ya jina la Prest-O-Lite. Dereva akapata koki inayokata mara moja.

Cadillac ya mwaka 1912 ilikuja na starta na taa za stima, kazi ya Charles Kettering. Mimi ni fundi wa stima za magari hapa Mombasa, na naona enzi iliyofuata ndiyo iliyokuwa nyepesi kwa watu wa kazi yangu. Moto wote wa taa ulipita ndani ya swichi yenyewe. Balbu mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 hunywa ampia 9 hivi, na mzigo huo ulizichoma taratibu ncha za shaba zinazogusana. Taa zikigoma kuzimika ulijua pa kwenda: unafungua swichi, unaikuta imeungua, unabadilisha.

Rilei ilikuja kuipunguzia swichi mzigo huo. Swichi ikabaki kutoa amri kwa moto kidogo tu, na rilei ndiyo ikabeba ule mkubwa. Ni kifaa ninachokiheshimu sana, ila hitilafu nayo ilihamia kwake. Madereva wanaokwenda Nairobi usiku hutaka kumwona mnyama mapema kule Tsavo, kwa hiyo hufunga balbu za wati 100. Ampia zinakaribia 17, na kila balbu baridi inapowashwa huvuta zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo. Ncha za rilei huyeyuka, zikashikana kama zilizochomelewa. Ufunguo umetoka, swichi imezimwa, taa zinawaka, na asubuhi betri imekufa.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuchomoa rilei. Taa zikizima, natia nyingine nzima ya aina hiyohiyo. Zikiwaka tena swichi ikiwa imezimwa, amri inatoka kwingine. Zisipozima hata rilei ikiwa mkononi, natafuta waya uliochubuka na kugusana na mwenzake. Hapo hakuna njia ya mkato.

Kisha yapo magari yaliyoundwa yasizime. Uswidi ililazimisha taa kuwashwa mchana kutwa tangu mwaka 1977, na Volvo 240 zikawaka zenyewe ufunguo unapozungushwa. Kanada ikafuata kwa magari mapya mwishoni mwa mwaka 1989. Zilipokuja kompyuta, waundaji wengi waliziamuru ziwashe taa kila zinapopoteza mawasiliano na swichi, kwa sababu betri kufa ni hasara ndogo kuliko gari kuingia gizani likiwa mwendoni. Uamuzi huo nauunga mkono, ingawa wateja wengi huuona kuwa ubovu.

Japani imekwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2020, aina mpya za magari kule lazima ziwashe taa zenyewe kiza kinapoingia, na dereva hawezi kuzizima gari likitembea. Magari hayo sasa yanaweza kushuka katika bandari yetu ya Kilindini, kwa kuwa Kenya huruhusu mitumba isiyozidi miaka minane. Mwenye gari la namna hiyo akinijia na malalamiko, namwambia aegeshe kwanza, kisha azime. Zikizima, simfungulii dashibodi wala simtozi kitu.